Ukuta Humlinda Aliyekwisha Kusimama: Ushuru wa Forodha na Kampuni Changa za Teknolojia Barani Ulaya

Mwezi Oktoba 1982 serikali ya Ufaransa ilitoa amri ya forodha: kila mashine ya kurekodi video inayoingia nchini ipitie kituo kimoja tu, kile cha Poitiers. Poitiers ni mji wa bara, mbali na bandari za kaskazini ambako mashine hizo zilishushwa kutoka Japani, na kituo chake kilikuwa na maofisa wachache. Makasha yakafunguliwa, nyaraka zikakaguliwa kwa umakini usio wa kawaida, maelezo ya matumizi yakatakiwa yawe kwa Kifaransa. Mzigo ukarundikana ghalani. Amri hiyo haikubagua; ilizikamata hata mashine zilizotoka katika nchi wanachama wenzake wa Jumuiya ya Ulaya. Ilikuja kulegezwa mwaka 1983, Japani ilipokwisha kukubali kujiwekea kikomo cha mauzo yake Ulaya nzima.

Kinachonishughulisha ni kilichofuata. Philips ya Uholanzi ilikuwa na mfumo wake wa video, Video 2000, ambao mafundi wengi waliusifu. Foleni ya Poitiers haikuuokoa, wala makubaliano na Japani hayakuuokoa. Mwaka 1984 Philips yenyewe ilianza kutengeneza mashine za VHS, mfumo wa JVC ya Japani. Thomson ya Ufaransa, iliyokuwa imetaifishwa mwaka uleule wa 1982, nayo iliishia kushirikiana na JVC. Makasha yalicheleweshwa kwa miezi kadhaa, lakini ujuzi uliokuwa ndani yake haukucheleweshwa hata siku moja.

Ulaya imeirudia hoja ya Poitiers, safari hii kwa magari ya umeme, betri, chipu na huduma za wingu. Wanaoitetea wanasema wanazilinda kampuni changa za teknolojia, zile zilizoanzishwa jana kwa mtaji wa kukopa na matumaini, zisimezwe na mashirika ya Marekani yenye fedha nyingi na viwanda vya Uchina vyenye ruzuku nyingi. Hofu yao ni ya kweli, na sitaki kuipuuza. Ninachopinga ni dawa. Ushuru wa forodha, kwa maumbile yake, hutoza kitu kilichokwisha kuwa bidhaa: chenye namba katika jedwali la forodha, chenye bei, chenye mshindani anayefanana nacho rafuni. Kampuni changa katika miaka yake ya mwanzo haijafika hapo. Ina vipuri vya kununua na mteja wa kumtafuta. Kwa hiyo ushuru huipata kwanza upande wa manunuzi, na faida yake upande wa mauzo, ikiwapo, huikuta imekwisha kufa au imekwisha kuhama.

Mchicha na uzio

Wanaotetea ulinzi wa soko humkimbilia Friedrich List, mchumi wa Kijerumani aliyezaliwa Reutlingen mwaka 1789, ambaye kitabu chake cha 1841 kuhusu mfumo wa kitaifa wa uchumi ndicho mzizi wa hoja ya viwanda vichanga. Hoja yenyewe msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi: mbuyu ulianza kama mchicha, na mchicha usipowekewa uzio huliwa na mbuzi kabla haujawa mbuyu. Uingereza ilikwisha kuwa mbuyu; Ujerumani ilikuwa mchicha; basi Ujerumani iweke uzio mpaka viwanda vyake vikomae. Hoja hii haikufa na List. Wasomi wa Afrika na Asia tumeitumia mara nyingi dhidi ya masharti tuliyowekewa na wakopeshaji, na mara nyingi kwa haki.

Lakini List alisema mambo mawili zaidi ambayo wanaomnukuu leo mjini Brussels na Paris huyaacha nje. La kwanza linatangulia kitabu chake kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 1819, katika maonyesho ya biashara ya Frankfurt, List aliandika ombi kwa niaba ya wafanyabiashara akilalamikia mipaka 38 ya forodha iliyoikatakata Ujerumani, kiasi kwamba mtu aliyetaka kusafirisha mali kutoka Berlin hadi Uswisi alipita dola kumi na kulipa ushuru mara kumi. Vita yake ya kwanza ilikuwa kubomoa kuta za ndani. Uzio wa nje ulikuja baadaye, na aliuona una maana pale tu ambapo ndani kumekuwa uwanja mmoja. Umoja wa forodha wa Kijerumani alioupigania ulianza kazi Januari 1834.

Jambo la pili ni kwamba List hakutaka kila kitu kitozwe. Chakula na malighafi viingie huru. Na mitambo tata ambayo taifa halijaweza kuitengeneza nayo iingie bila ushuru au kwa ushuru mdogo, kwa sababu kuitoza mitambo ni kukitoza kiwanda chenyewe kinachodaiwa kulindwa.

Sasa tuiangalie kampuni changa ya Ulaya kwa jicho hilo. Kampuni ya akili unde ya Paris haina kiwanda. Mitambo yake ni chipu za Nvidia, zinazobuniwa California na kutengenezwa Taiwan. Mistral AI, iliyoanzishwa Aprili 2023 na vijana watatu wa Kifaransa, isingeweza kufundisha modeli yake ya kwanza bila chipu za namna hiyo, na hakuna kiwanda cha Ulaya ambacho kingeiuzia mbadala wake. Kampuni ya Munich inayounda droni inahitaji mota, sumaku na betri ambazo sehemu kubwa ya dunia huzinunua Uchina. Hivi ndivyo vitu ambavyo List angeviita mitambo. Ukivitoza, unakuwa umeuwekea mchicha uzio kisha ukaufunga mfereji wa maji.

Miaka mitano ya paneli

Kisa cha sola kinastahili kukaliwa kitako, maana ndicho jaribio kubwa kuliko yote ambalo Ulaya imelifanya katika jambo hili.

Mwaka 2008 Q-Cells, kampuni ya Thalheim katika Ujerumani Mashariki ya zamani, ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani wa seli za sola. Ilikuwa na umri wa miaka tisa tu. Aprili 2012 iliomba kufilisiwa, na ikanunuliwa na Hanwha ya Korea Kusini. Katikati ya tarehe hizo mbili, viwanda vya Uchina vilikuwa vimepanuka kwa mikopo ya benki za serikali na bei ya paneli ilikuwa imeporomoka. Mwezi Septemba 2012, kwa malalamiko ya kundi la watengenezaji lililoongozwa na SolarWorld ya Bonn, Kamisheni ya Ulaya ilifungua uchunguzi wa bidhaa kuuzwa kwa bei ya kuua soko. Mauzo yaliyohusika, ya paneli za Uchina kuingia Ulaya, yalikuwa na thamani ya takriban euro bilioni 21 kwa mwaka 2011. Umoja wa Ulaya haukuwahi kupokea malalamiko makubwa kuliko hayo.

Juni 2013 ushuru wa muda wa asilimia 11.8 ulitangazwa, ukiwa na onyo kwamba miezi miwili baadaye ungepanda hadi wastani wa asilimia 47.6. Uchina nayo ilifungua uchunguzi wa mvinyo wa Ulaya. Mwishoni mwa Julai pande mbili zilipatana: wauzaji wa Kichina watakaokubali kutouza chini ya senti 56 za euro kwa wati, hadi kiasi cha gigawati 7 kwa mwaka, wasamehewe ushuru. Mpango huo ulirefushwa, ukarefushwa tena mwaka 2017, na kuachwa ufe Septemba 2018.

Kwa hiyo SolarWorld, mlalamikaji mkuu, ilipata ilichokiomba: kinga ya miaka minne. Mei 2017, kinga ikiwa bado ipo, iliomba kufilisiwa. Ilijaribu kuinuka, ikaanguka tena mwaka 2018. Leo sehemu ya Uchina katika kila hatua ya utengenezaji wa paneli, kuanzia silikoni hadi paneli yenyewe, imezidi asilimia 80 ya uwezo wa dunia.

Hapa mtetezi wa ushuru atasema: kinga ilichelewa, ilikuwa dhaifu, na bei ya chini iliyokubaliwa ilikuwa upendeleo kwa Wachina. Kuna ukweli humo. Mwaka 2013 Q-Cells ilikwisha kuuzwa. Hata hivyo, tuulize ushuru huo uliwagharimu kina nani. Katika mnyororo wa sola ajira nyingi hazimo kiwandani. Zimo kwa fundi anayepanda paa, msanifu wa mfumo, muuzaji wa inveta, mwandishi wa programu ya kusimamia umeme wa nyumbani, na mkopeshaji anayemwezesha mwenye nyumba kulipa kidogo kidogo. Hao ndio waliokuwa wachanga na wenye mawazo mapya, na wote walikuwa wanunuzi wa paneli. Mashirika yao yalikwenda Brussels kupinga ushuru, yakashindwa. Soko la Ulaya lilisinyaa katika miaka hiyo. Sababu kubwa, lazima niikiri, ilikuwa serikali kukata bei maalumu zilizokuwa zikiwalipa wazalishaji wa umeme wa jua. Lakini soko linapougua, kuongeza bei ya malighafi yake si tiba.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa baadaye. Enpal ya Berlin ilianzishwa mwaka 2017, ikiwakodisha wenye nyumba paneli badala ya kuwauzia. Ilikua kwa kasi baada ya ushuru kuondoka, na kufikia 2021 wawekezaji waliithamini kwa zaidi ya dola bilioni moja. 1Komma5° ya Hamburg, iliyoanzishwa 2021, imepita njia inayofanana. Hazikuvumbua seli mpya. Zilivumbua namna ya kuifikisha seli ya bei rahisi juu ya paa la mtu wa kawaida. Mobisol, nayo ya Berlin, ilikuwa imejaribu jambo la aina hiyo mapema zaidi, ikiuza mitambo ya sola kwa malipo ya awamu kupitia simu kwa kaya za Tanzania na Rwanda. Mwaka 2019 iliishiwa fedha, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Waliowahi kuona mitambo yake vijijini wanajua kwamba mteja hakuwa akinunua kioo na silikoni tu. Alinunua mkopo, fundi wa kumpigia simu, na taa isiyozimika. Thamani ilikuwa humo, na humo ndimo vijana wa Ulaya walikuwa na nafasi ya kushindana na yeyote.

Sisemi kwamba kupoteza viwanda vya seli ni jambo dogo. Ulaya inayotegemea nchi moja kwa nguvu ya jua imejiweka pabaya. Ninasema kwamba ushuru wa 2013 haukuzuia utegemezi huo, na wakati huohuo uliwapunguzia pumzi wale waliokuwa wangali hai.

Magari na betri

Tarehe 30 Oktoba 2024 ushuru mpya wa kufidia ruzuku ulianza kutozwa magari ya umeme yanayotengenezwa Uchina, juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10: BYD asilimia 17, Geely 18.8, SAIC 35.3, Tesla ya Shanghai 7.8. Katika kura ya nchi wanachama, kumi ziliunga mkono, tano zikapinga, 12 zikajizuia. Ujerumani, yenye viwanda vikubwa vya magari kuliko zote, ilikuwa miongoni mwa zilizopinga, na sababu ilionekana mara moja: ushuru wa asilimia 20.7 uliangukia Mini ya umeme ya BMW na Cupra Tavascan ya kundi la Volkswagen, kwa kuwa zote mbili zilikuwa zikiunganishwa Uchina. BMW ikaenda mahakamani kuishitaki Kamisheni iliyodai kuilinda.

Kuna tofauti moja na kisa cha sola, nayo inawapa watetezi nguvu: uchunguzi huu ulipima ruzuku za kampuni moja moja zilizochaguliwa kama sampuli, haukufunga mlango kwa jumla. Lakini upimaji mzuri haugeuzi tabia ya chombo. Watengenezaji wa Kichina waliongeza mauzo ya magari yanayochanganya petroli na umeme, ambayo ushuru haukuyagusa. BYD iliendelea kujenga kiwanda chake Szeged, Hungaria, ndani ya ukuta. Mshindani mwenye fedha huhamia upande wa pili; ni mchanga peke yake asiye na nauli ya kuvuka.

Northvolt ya Sweden ndiyo mfano unaotajwa kila mara katika mjadala huu, na mara nyingi kwa makosa. Ilianzishwa mwaka 2016 na Peter Carlsson na Paolo Cerruti, wote wawili waliowahi kufanya kazi Tesla. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 15 za mitaji, mikopo na ahadi, ikajenga kiwanda Skellefteå, kaskazini mwa Sweden, ambako umeme wa maji ni wa bei nafuu. Juni 2024 BMW ilifuta oda ya euro bilioni 2 kwa kuwa seli hazikuletwa kwa wakati na kwa ubora uliotakiwa. Novemba kampuni iliomba kinga ya kufilisika nchini Marekani, na tarehe 12 Machi 2025 ikatangaza kufilisika Sweden.

Je, ukuta mrefu zaidi ungeiokoa? Northvolt haikukosa wateja. Volkswagen ilikuwa mwanahisa wake mkubwa, na vitabu vya oda vilijaa kwa miaka. Ilichokosa ni ustadi wa kutoa mamilioni ya seli zinazofanana, ustadi unaopatikana kwa kukosea mara nyingi kiwandani huku ukiwa na mwalimu aliyekwisha kukosea kabla yako. Mitambo yake mingi ilitoka Uchina na Korea Kusini, pamoja na mafundi wa kuifunga. Ushuru ungeipandishia gharama ya mitambo hiyo na usingeipa hata saa moja ya uzoefu. Iliyokuwa inahitajika ni subira ya mtaji, upanuzi wa hatua kwa hatua badala ya viwanda vinne katika nchi tatu kwa mpigo, na mkataba wa kujifunza na waliotangulia, kama Uchina yenyewe ilivyofanya na Volkswagen na General Motors miaka ya themanini na tisini. Maelfu ya wafanyakazi wa Skellefteå, wengine wakiwa wamehamia huko kutoka mabara mengine kwa ajili ya kazi hiyo, walilipia kosa ambalo si la forodha.

Mifano ya upande wa pili

Nina wajibu wa kuipa hoja pinzani uzito wake kamili. Wanaoitetea hutaja Uchina na Airbus.

Kuhusu Uchina, ni kweli kwamba Baidu, Tencent na wenzao walikua nyuma ya ukuta wa udhibiti wa intaneti, hasa baada ya Google kuondoa huduma yake ya utafutaji katika Uchina bara mwaka 2010. Lakini nyuma ya ukuta huo kulikuwa na watu zaidi ya bilioni moja wenye lugha moja ya maandishi, sheria moja na mfumo mmoja wa malipo, na kampuni nyingi za Kichina zikichinjana zenyewe kwa zenyewe. Ulaya ikijenga ukuta leo itakuwa imezingira masoko 27. Anayeuchukua ukuta wa Uchina na kuuacha uwanja wa Uchina amechukua nusu isiyofaa.

Airbus ndiyo hoja nzito zaidi, na kwa mshangao wangu ndiyo iliyonithibitishia ninachokiamini. Iliundwa Desemba 1970 kwa fedha za serikali, hilo halina ubishi. Lakini ilisaidiwa kwa mikopo ya kuzindua ndege, na wanunuzi wa kwanza walikuwa mashirika ya ndege ya mataifa yaliyoianzisha. Haikusaidiwa kwa ushuru. Makubaliano ya biashara ya ndege za kiraia, yaliyoanza kutumika Januari 1980 chini ya mkataba wa kibiashara wa GATT, yaliondoa ushuru wa forodha kwa ndege za kiraia na vipuri vyake kati ya waliotia sahihi, Marekani na Jumuiya ya Ulaya wakiwamo. Airbus ilikuwa mbuyu katika uwanja usio na uzio, ikifunga injini za General Electric ya Marekani, na oda iliyoifungulia dunia ilitoka Eastern Air Lines ya Miami mwaka 1978, baada ya shirika hilo kukopeshwa ndege nne za kujaribu. ASML ya Veldhoven, fahari ya Ulaya katika chipu, ina historia inayofanana: ilizaliwa 1984, ikauza dunia nzima tangu mwanzo, na chanzo cha mwanga cha mashine zake za kisasa kilitokana na Cymer ya San Diego, ambayo ASML iliinunua mwaka 2013.

Vituo vya forodha visivyoonekana

Mario Draghi, katika ripoti yake ya Septemba 2024 kuhusu ushindani wa Ulaya, aliandika kwamba kampuni changa 147 zilizofikia thamani ya dola bilioni moja zilianzishwa Ulaya kati ya 2008 na 2021, na kwamba 40 kati yake zilihamishia makao makuu nje, nyingi mno zikienda Marekani. Hizi ndizo zilizofaulu. Hazikukimbia bidhaa za nje, kwani Marekani kuna ushindani mkali zaidi. Zilifuata mtaji na soko moja.

Shirika la Fedha la Kimataifa limekadiria kwamba vizuizi kati ya nchi za Umoja wa Ulaya vina uzito sawa na ushuru wa takriban asilimia 45 kwa bidhaa za viwandani na 110 kwa huduma. Makisio ya aina hii yachukuliwe kwa tahadhari, kwa kuwa hujumuisha hata lugha na mazoea ya wanunuzi, mambo ambayo hakuna sheria itakayoyafuta. Lakini hata ukiyakata kwa nusu, bado yanazidi ushuru wa ziada ambao Ulaya iliutoza BYD. Kampuni ya programu ya Lisbon inayotaka kumwajiri mtu Warsaw na kumpa hisa, kuuza Milano na kukusanya kodi ya ongezeko la thamani Vienna, inakutana na sheria mbili za kazi na nne za kodi. Kampuni kubwa huweka wanasheria. Kampuni ya watu tisa humweka mmoja wa waanzilishi, naye huacha kubuni. Hii ndiyo mipaka 38 ya List, imepungua hadi 27 na kujificha ndani ya fomu.

Ulaya inajua jinsi ya kuibomoa, kwa sababu imewahi. Septemba 1987, mjini Copenhagen, waendeshaji simu wa nchi 13 walitia sahihi makubaliano ya kujenga mtandao wa simu kwa kiwango kimoja, GSM. Simu ya kwanza ilipigwa Finland Julai 1991. Nokia na Ericsson hazikulindwa dhidi ya Motorola, ambayo iliuza vifaa vya GSM kama wao; zilipewa soko moja kubwa la kuanzia, nazo zikalitumia kuuza ulimwenguni. Kiwango hicho kilitufikia na sisi. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007 ilikaa juu ya laini ya GSM, katika menyu ndogo ya kadi ya simu ambayo wahandisi wa Ulaya waliiwekea kanuni bila kuwaza kabisa kwamba mama wa Kisumu angetumia menyu hiyo kumtumia mwanawe karo.

Mwezi Mei 2025 Kamisheni ya Ulaya ilitangaza mkakati wa kampuni changa wenye ahadi ya sheria ya 28, yaani mfumo mmoja wa hiari wa kusajili na kuendesha kampuni kote Ulaya pembeni ya sheria 27 za kitaifa. Ningetoa ushuru wote wa magari kwa ajili ya sheria hiyo moja, ilimradi iandikwe kwa namna ambayo haiachi kazi na kodi nje ya mlango.

Nani atanunua wa kwanza

Linabaki swali la mshindani anayepewa ruzuku ili aue. Sheria moja haimzuii, na hapa sikubaliani na wenzangu wanaoamini kwamba soko huria litajitengeneza. Pale ambapo kampuni ya Ulaya ina bidhaa inayofanya kazi, na mnunuzi binafsi anaangalia bei peke yake, serikali ina sababu ya kuingia. Lakini iingie kama mnunuzi.

Desemba 2008 NASA iliipa SpaceX mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga. Roketi ndogo ya kampuni hiyo ilikuwa imefika kwenye mzingo mara moja tu, baada ya kushindwa mara tatu, na ile ambayo ingebeba mizigo hiyo ilikuwa haijawahi kuruka. Hakuna ushuru uliotozwa roketi za Ulaya au Urusi. Kulikuwa na mteja aliyesema nitanunua, na kwa bei hii, ukifika. Miaka 15 baadaye, Julai 2023, Shirika la Anga la Ulaya lilirusha darubini yake Euclid kwa roketi ya SpaceX, kwa kuwa Soyuz ya Urusi ilikuwa haipatikani tena na Ariane 6 haikuwa tayari.

Ununuzi wa umma katika Umoja wa Ulaya ni karibu asilimia 14 ya pato lake, takriban euro trilioni mbili kwa mwaka. Hakuna ushuru unaoweza kukaribia nguvu hiyo. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani liliamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zake 30,000 kutoka programu za Microsoft kwenda programu huria. Uamuzi huo haukumpandishia bei mtu yeyote wa Hamburg anayekodi seva za Marekani kuanzisha kampuni yake, ilhali uliwapa kazi waandishi wa programu wa Ulaya. Katika soko ambalo kampuni tatu za Marekani zinashika takriban asilimia 70 ya huduma za wingu barani humo, zabuni elfu moja za namna hiyo zingefaa kuliko tozo yoyote ya kidijitali.

Kasoro ni kwamba hata ununuzi huu umegawanyika kwa bendera. Shirika la Anga hurudisha fedha za kila nchi kwa viwanda vya nchi hiyo. Shindano lake jipya la roketi limetenga hadi euro milioni 169 kwa kampuni, lakini kila serikali huchangia zaidi kwa ajili ya mtoto wake: Ujerumani kwa Isar na Rocket Factory Augsburg, Ufaransa kwa MaiaSpace, Hispania kwa PLD Space. Roketi ya kwanza ya Isar iliruka kutoka Andøya, Norway, tarehe 30 Machi 2025 na kuanguka baharini baada ya nusu dakika hivi. SpaceX ilishindwa mara tatu. Isar itahitaji mnunuzi anayeweza kuvumilia mara tatu, na mnunuzi huyo hana budi kuwa Ulaya nzima.

Turudi kwenye sola. Oxford PV ilizaliwa mwaka 2010 kutoka maabara ya Oxford, ikiwa na wazo la kuweka tabaka la perovskaiti juu ya silikoni ili paneli ileile ivune jua zaidi. Kiwanda chake kiko Brandenburg an der Havel, saa moja hivi kutoka Berlin. Hii ndiyo teknolojia ambayo ingeweza kuirudisha Ulaya katika utengenezaji wa seli, mahali ilipotolewa mwaka 2012. Septemba 2024 kampuni ilitangaza shehena yake ya kwanza ya kibiashara: paneli zilizotengenezwa Ujerumani, kwa ajili ya shamba kubwa la umeme wa jua, mnunuzi akiwa Marekani. Paa za shule, hospitali na ofisi za serikali zilizo kati ya kiwanda hicho na Berlin zinatosha kumeza shehena ya namna hiyo. Hakuna aliyezuiwa na forodha kuzinunua.